Marimba Yenye Mapengo

Watoto walimwita Mwalimu Taratibu, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Mtoto akishika tu mikwiro, vile vijiti vya kupigia marimba, kabla hata hajainua mkono, yeye keshasema, "Taratibu." Akipiga kwa nguvu, taratibu. Akipiga kwa woga, taratibu vilevile, kana kwamba neno hilo ni dawa ya mafua na ya tumbo kwa pamoja. Siku moja mtoto aliteleza mlangoni akaanguka chali pamoja na mkoba wake, na mwalimu akamkimbilia huku akisema taratibu, taratibu, wakati mwenzake keshafika chini kitambo. Darasa zima lilishika mbavu.

Alifundisha marimba katika chumba cha nyuma cha maktaba ya mtaa. Zamani kilikuwa stoo ya viti vibovu, na viti vyenyewe vilikuwa bado vimerundikwa pembeni, kila mwaka vikingoja fundi aliyeahidiwa. Mbele ya viti yalipangwa marimba ya mbao, kila moja na sanduku lake refu la kukuza sauti, na juu ya sanduku vibao vimelala katikati ya misumari iliyovishwa mpira. Vibao havikupigiliwa. Ukitaka kukitoa kimoja unakinyanyua kwa vidole viwili tu, kama mfuniko wa sufuria, na kisa chote hiki kimetokana na urahisi huo.

Kufundisha alikujua, tusimnyime haki yake. Mtoto mdogo ukimwambia sauti hii iko juu na ile iko chini hakuelewi, na wala hana kosa, maana marimba yamelala chali. Hiyo juu iko wapi? Kwa hiyo siku ya kwanza mwalimu aliyasimamisha marimba ukutani, yamelalia nyuma kidogo ili vibao visidondoke, vibao vikubwa sakafuni, vidogo kule karibu na swichi ya taa, yakawa ngazi. Watoto waliipanda ngazi hiyo kwa koo na kwa mwili: do ya chini wamechuchumaa, so mikono iko kiunoni, do ya juu wako kwenye ncha za vidole na mikono hewani. Wakishaipanda na kuishuka mpaka miguu iume, ndipo marimba yanalazwa, na hapo hakuna tena anayeuliza juu ni wapi.

Baada ya hapo ulikuja mkono. "Kibao ni sufuria iliyotoka jikoni," aliwaambia. "Gusa, ondoka. Ukikaa unaungua." Mtoto akigandamiza mkwiro juu ya kibao, sauti inakufa palepale. Akiuacha udunde wenyewe, sauti inatembea. Tena upige katikati, maana ukipiga kwenye msumari kibao kinakohoa. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, viwiko vimelegea, mabega yameshuka. Samaki mkunje angali mbichi, na yeye aliwakunja mpaka mama zao wakalalamika kuwa watoto wanapiga meza za chakula kwa vijiko, kulia, kushoto, viwiko vimelegea.

Kwa wanaoanza alikuwa na desturi moja. Alitoa fa, akatoa ti. Hizo ndizo sauti mbili zenye ugomvi. Ukiziondoa, zinazobaki zinapatana zote, na hata mtoto apige ovyo namna gani kinachotoka ni wimbo. Mtoto hajikwai, moyo unamkaa. Vibao vilivyotolewa vilikaa kwenye droo ya meza yake, na marimba yakabaki na mapengo, kama mtoto wa darasa la kwanza anayebadilisha meno. Siku mtoto akiweza kuitoa fa kooni mwake mwenyewe bila kusaidiwa, mwalimu alifungua droo na kumrudishia. Baadaye ti. Mwenye vibao vyote aliitwa Mwenye Meno, na wenzake walimpigia makofi.

Na Mwenye Meno aliweza kwenda Bendi Kubwa.

Bendi Kubwa ilikuwa upande wa pili wa mji, na mkuu wake alikuwa mwanamke mrefu ambaye kila mtu alimwita Kanali ingawa hakuwahi kuvaa gwanda siku hata moja. Alikuja mara moja kwa mwaka kuchagua watoto, akawasikiliza, na aliowataka aliwapakia siku hiyohiyo kwenye gari lake wakapimwe sare. Hakupokea mtoto aliyekwisha kuingia sekondari. Hao, alisema, wanajua kila kitu, na yeye hana la kuwafundisha. Mazoezi ya bendi yalikuwa alasiri zilezile za mwalimu, kwa hiyo mtoto aliyekwenda kwa Kanali ndiyo kaenda. Mwalimu aliwapeleka wengi hivyo, mwaka baada ya mwaka, na akirudi ndani akawa anafuta vibao vyao kwa kitambaa kikavu.

Kwake alikaa peke yake. Vyumba viwili, choo cha nje, jirani mwenye televisheni yenye kelele. Mama yake alikuwa amekaa naye mpaka alipofariki, na mke hakuoa, kwa sababu ambazo kila mtu mtaani alikuwa na maelezo yake na yeye mwenyewe hakuwa nayo. Masikio yake hayakuwa na likizo. Mlango wa chumbani ulilia so. Friji lilinguruma la, tena la iliyoshuka kidogo, ya mtu aliyechoka. Akiamka asubuhi aliliambia birika, "Haya bibie, chemka twende kazini," na birika lisipochemka haraka alilibembeleza. Usicheke. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Sasa basi, kulikuwa na msichana mmoja. Walimwita Njiti kwa wembamba wake. Alilelewa na shangazi yake, na shangazi alikuwa anapiga pasi kwenye duka la dobi, kazi ambayo haiishi mpaka shati la mwisho la mteja wa mwisho liishe. Kwa hiyo watoto wengine wakishachukuliwa, Njiti alibaki. Alimsaidia mwalimu kuyafunika marimba kwa mashuka ya zamani. Mwalimu akachemsha chai. Wakaketi kwenye viti vibovu, kila mmoja akijua kiti chake kinavyoyumba, wakazungumza.

Walizungumza mambo ya bure kabisa. Kama paka anasikia fa. Kwa nini mwalimu wa hesabu ananusa chaki. Njiti alikuwa na swali kwa kila kitu, na mwalimu, ambaye siku nzima kinywa chake kilikuwa na neno moja, alijikuta anacheka, anabisha, anasimulia habari za mama yake. Shangazi alifika akihema, nguo zake zinanuka wanga na moshi wa pasi, akasema, "Shikamoo mwalimu, mnisamehe jamani, leo kuna bwana kaleta mashuka ya hoteli nzima." Wakaondoka. Naye akafunga mlango, akarudi nyumbani.

Muda huo mfupi wa jioni ndio uliokuwa maisha ya mwalimu. Saa nyingine zote zilikuwa za kuungoja.

Ndiyo maana marimba ya Njiti yalikuwa na mapengo mpaka sasa.

Watoto waliokuja nyuma yake walikuwa wamesharudishiwa fa, na wengine ti, akiwemo mmoja aliyekuwa anaimba kama mlango. Njiti bado. Mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wote; mkwiro ulidunda kwake kana kwamba hauna uzito. Lakini kila shangazi alipouliza, mwalimu alijibu, "Bado kidogo. Sikio halijakomaa. Taratibu." Na shangazi, ambaye hakujua fa wala fo, aliitika. Mwalimu ndiye mjuzi, atabishana naye vipi?

Mimi nitaliita jambo hilo kwa jina lake. Ulikuwa wizi. Vibao viwili tu ndani ya droo, lakini wizi ni wizi, na aliyeibiwa alikuwa mtoto ambaye mwaka unaofuata angeingia sekondari. Mwalimu alilijua hilo. Alilijua akiwa anakunywa chai na alilijua akiwa anapiga mswaki, na kila mara aliliambia lingoje.

Wiki ya Kanali ilipokaribia, jioni moja mwalimu alikuwa nje bombani akiosha vikombe, Njiti yuko ndani peke yake. Mwalimu akamsikia anapanda ngazi. Do, re, mi, marimba na sauti ya mtoto pamoja. Kisha marimba yakanyamaza, ikabaki sauti ya mtoto tu, halafu kwenye so viwili hivyo vikaungana tena. Mwalimu alifunga bomba. Njiti alianza upya. Kupitia dirishani aliuona mkwiro wa kushoto ukishuka kwenye pengo, pale ambapo hapakuwa na kibao, ukaishia hewani na kupanda tena kwa wakati wake, na kooni mwa mtoto ikatoka fa.

Alimngoja aondoke na shangazi yake. Halafu akafungua droo, akakitoa kile kibao cha fa, akakigonga kwa ukucha. Ilikuwa ileile aliyoisikia bombani, haikuzidi, haikupungua. Mtoto alikuwa nayo fa siku nyingi. Alichonyimwa ni mahali pa kuigonga.

Roho ilimsuta mwalimu usiku huo, chakula kikampita pembeni. Kesho yake, watoto walipokwisha kuondoka, alivileta vibao viwili mkononi na kuvilaza kwenye nafasi zake bila maneno mengi.

Njiti aliviangalia. Hakuruka wala hakupiga makofi.

"Kwa nini unanipa leo?" aliuliza.

"Uko tayari."

"Jana sikuwa tayari?"

Mwalimu alijishughulisha na kupanga vikombe. "Kanali anakuja Ijumaa," alisema. "Nataka akusikie."

"Akinichukua, nitakuwa huko kila siku?"

"Siku za mazoezi. Ni siku zetu hizihizi."

"Na jioni?"

"Jioni shangazi yako atakufuata hukohuko. Ni karibu zaidi na kwa dobi, nimeuliza."

Njiti aliupitisha mkwiro juu ya fa mpya bila kuigonga. Halafu akachukua shuka, akayafunika marimba yake, ingawa ilikuwa bado mapema na chai haijachemka. Mwalimu alidhani ni furaha imemzidi. Watu wazima tukitaka kudhani, hatukosi la kudhani.

Ijumaa Kanali alifika na gari lake, akaliegesha nusu kwenye maua ya maktaba, akaingia bila kubisha hodi. Alikuwa na filimbi shingoni na hakupenda hotuba. Shangazi naye alikuwa ameomba ruhusa, amejipaka mafuta, amekaa kwenye kiti kibovu kuliko vyote kwa sababu hakuna aliyemwonya.

"Mwalimu, huyu wetu ataweza kweli?" alinong'ona. "Maana umesema sikio lake zito. Kwetu wote ni wazito. Kaka yangu, baba yake huyu, aliimba kwenye harusi yake mwenyewe, bibi harusi nusura ahairishe."

"Ataweza," mwalimu alisema, na hakumtazama machoni.

Watoto waliitwa mmoja mmoja. Kanali aliwaambia wapande ngazi na kushuka, kisha yeye aliimba kipande kifupi, la la la, bila kutaja sauti, na mtoto akakirudisha kwenye marimba kwa sikio. Hakuandika chochote. Aliyemtaka alimgusa bega, na mtoto akaenda kusimama karibu na mlango akijifanya hafurahi. Yule aliyekuwa anaimba kama mlango naye aliguswa bega, maana marimba hayaimbwi, na alijitahidi.

Zamu ya Njiti ikafika. Alipanda ngazi vizuri mpaka do ya juu, fa na ti akizipiga laini, akashuka. Kanali aliinua nyusi, dalili njema. Kisha akaimba kipande chake. Kilikuwa chepesi: kinaanzia so, kinashuka fa, kinazungukazunguka, kinatua do.

Njiti alipiga so. Halafu akapiga mi mahali pa fa.

"Sikiliza tena," Kanali alisema, akaimba tena.

So, mi. Vilevile.

"Mara ya mwisho."

So, mi.

Kanali alimgeukia mwalimu. "Mkono ni mzuri sana. Sikio halipo. Ni kama ulivyosema mwaka jana, bado." Akaangalia saa yake. "Pole, mwanangu. Nani mwingine?"

Sasa nitasema jambo ambalo mwalimu hakumwambia mtu. Alifurahi. Kabla hajafikiri, kabla hajapata nafasi ya kujizuia, moyo wake uliruka kwa furaha. Njiti haendi, anabaki. Kesho kutakuwa na chai, kutakuwa na viti vinavyoyumba, na safari hii hakuna aliyefanya kosa, droo ni tupu, mtoto kapimwa na kashindwa kwa haki. Nani atamlaumu? Alihitaji kunyamaza tu. Kunyamaza alikuwa bingwa wake.

Lakini masikio yake hayakuwa na likizo, nimekwisha kusema, na macho pia. Kuna jinsi mtoto anavyokosea. Asiyejua kibao kipi, mkono wake unasita hewani, kiwiko kinakaza, mkwiro unashuka kwa woga na kutua ukingoni au kwenye msumari, kibao kinakohoa, na uso wake unauliza. Mwalimu alikuwa ameyaona makosa ya namna hiyo maisha yake yote. Angeweza kuyatambua akiwa amelala. Njiti hakusita. Mkono wake ulikuwa umeanza kwenda kwenye fa, ukapinda njiani, ukashuka kwenye mi kwa kiwiko kilicholegea, katikati kabisa ya kibao, ukadunda na kuondoka. Mara tatu. Ile ilikuwa mi nzuri kuliko zote zilizopigwa chumbani humo siku hiyo. Kukosea vizuri namna ile kunahitaji mtu anayejua.

Mtoto mwingine alikuwa ameshasogea mbele. Mwalimu alisimama.

"Ngoja, Kanali."

"Mwalimu, nina watoto wa kupima sare."

"Ngoja kidogo." Alikwenda akachuchumaa mbele ya marimba ya Njiti, magoti yakamlia. "Umekosea makusudi."

"Sijakosea makusudi."

"Mimi ndiye niliyekufundisha mkono huo. Ulikuwa unakwenda kwenye fa, ukaukata. Nimeuona."

Njiti aliibana mikwiro kifuani. Kiti cha shangazi kililia, naye akasema kwa sauti ya chini, "We mtoto, ni kweli?"

Njiti alimtazama mwalimu peke yake, kana kwamba wengine hawapo.

"Nikienda," alisema, "utaongea na nani?"

Mwalimu alianza kusema lile neno lake moja, mtoto akamwahi.

"Kuna siku nilisahau sweta, nikarudi, nikakuta pamefungwa," Njiti aliendelea, harakaharaka, kama anayetoa siri ya mtu mwingine. "Nikapita kwako nyumbani. Nikasikia unaongea. Nikajua una mgeni, nikangoja nje amalize. Nikangoja sana. Ulikuwa unaongea na birika."

Hata watoto, ambao kwa kawaida wangelitengenezea jambo hilo wimbo, hawakucheka. Kanali aligeuka akatazama dirishani.

Kumbe wakati mwalimu alipokuwa anakokotoa namna ya kumbakiza, mtoto alikuwa amekwisha kupiga hesabu na kuamua kubaki. Mtoto wa watu, mwenye miguu kama vijiti vya kiberiti, alikuwa amebeba upweke wa mtu mzima na kuuficha ili mwenyewe asiaibike. Mwalimu aliona haya ambayo hakuwahi kuiona. Akajikaza kisabuni.

"Nisikilize," alisema. "Ni kweli niko peke yangu. Nilikuwa peke yangu kabla hujazaliwa, na ninaujua upweke wangu vizuri. Ni wangu. Sijakupa uubebe, na kama nimekupa, naomba unirudishie."

"Lakini..."

"Na kuna jingine." Hili alilisema amemgeukia shangazi, maana mficha uchi hazai. "Sikio lake halijawahi kuwa zito. Amekuwa na fa muda mrefu, labda tangu mwaka jana. Mimi ndiye niliyevificha vibao. Sikutaka aende."

Shangazi alikuwa mwanamke wa kupiga pasi, anajua kitambaa kilichoungua hakirudi, na labda ndiyo sababu hakuona faida ya kupiga kelele. "Mwalimu," alisema, "wewe nawe." Kisha akamgeukia Njiti, sauti imepanda. "Haya, na wewe! Mnakula njama watu wawili kuniharibia mtoto wangu? Piga hicho kitu nikione!"

Kanali alikuwa amerudi kutoka dirishani. Hakusema neno juu ya yote aliyoyasikia, na kwa hilo mimi namheshimu mpaka leo. Alivuta pumzi, akaimba kipande kingine, kirefu, kigumu, chenye fa mbili na ti moja iliyokaa mahali pa hila, ambacho hakumwimbia mtoto mwingine yeyote siku hiyo.

Njiti hakuinua mikwiro. Alimtazama mwalimu.

"Piga," mwalimu alisema.

Akapiga. Kulia, kushoto, kiwiko kimelegea, kibao hata kimoja hakikukohoa. Alipofika kwenye ile ti ya hila aliipita bila kuiangalia, akatua kwenye do, akanyanyua mikono. Sauti ikatembea mpaka kwenye viti vibovu na kurudi. Kanali hakumgusa bega. Alimshika kichwa chote kwa kiganja na kukitikisa kidogo.

"Huyu nilikuwa namwacha," alisema, akimwambia mwalimu, lakini bila ukali. "Twendeni, gari halitajipakia lenyewe."

Basi pale pakawa fujo. Mtoto kavaa kiatu cha mwenzake, mikoba imegongana mlangoni, shangazi anamfunga Njiti vifungo vya sweta huku akimwambia asikubali sare inayobana, kwa kuwa atakua, na hata kama hatakua, nguo ikibana hainyooki kwa pasi. Yule aliyekuwa anaimba kama mlango alimwuliza Njiti kitu sikioni. Njiti akacheka. Kilikuwa kicheko cha juu, cha kipumbavu, kicheko cha mtoto asiye na neno lolote moyoni, na mwalimu alitambua kwamba katika jioni zote zile hajawahi kukisikia. Yule wa jioni za chai alikuwa anacheka kwa adabu.

Wakatoka mbio kugombania kiti cha dirishani. Mwalimu aliwafuata hadi mlangoni, ameandaa mkono wa kuaga na ameandaa neno, na safari hii halikuwa taratibu. Njiti alikuwa ameshapanda, amewapa mgongo, anamwonyesha mwenzake jinsi ya kushika mikwiro kwa kutumia penseli mbili. Shangazi alipanda mbele. Gari likarudi nyuma juu ya yale maua, likageuka, likashika barabara.

Njiti hakuaga. Alikuwa amesahau.

Mwalimu aliendelea kusimama pale, kwa sababu mtoto akisahau kitu huwa anakikumbuka njiani, na gari huenda likasimama kwenye taa, na mtu anaweza kutoa kichwa dirishani. Ndani watoto wasiochaguliwa walikuwa wameanza kupigana na mikwiro. Alingoja mpaka akajionea aibu kungoja, kisha akaingia.